Jicho la Kulia la Mama Yako

Eliwaza mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda ng'ambo ya reli kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula ukashiba, kwa hiyo nina kama saa mbili za kukaa na kalamu. Mambo ya safari sitayaandika. Tiketi unayo, mashuka umefunga, na namba ya mama mwenye nyumba huko Moshi umeiandika mara tatu. Mengine utayajua mwenyewe. Una akili kuliko mimi nilipokuwa na umri wako. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya macho ya mama yako.

Siku tulipomzika kule Kinampanda ulisimama mbele ya watu ukasema utasomea macho, kwa sababu umekua ukimwona mama yako anapapasa huku jua linawaka. Watu walilia. Babu yako alikushika kichwa akakubariki. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, natazama viatu vyangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza jinsi itakavyokuwa. Utakaa darasani, mwalimu atawaonyesha picha ya jicho kwa ndani, yenye kovu dogo katikati, atasema mtu huyu alitazama jua. Atawaeleza kwamba mgonjwa wa namna hiyo huona pembeni lakini katikati haoni, ndiyo maana akizungumza na mtu hugeuza uso kidogo, kama anayemtazama mwingine aliye kando. Utamkumbuka mama yako. Halafu siku nyingine watawafundisha kwamba kovu la surua hubaki kwenye jicho lililoumia, halihami kwenda la pili. Hapo utajua kwamba nyumbani ulidanganywa, na utajua ukiwa peke yako katikati ya wageni. Sitaki kitabu kikwambie kabla yangu.

Sisi tulikwambia surua ya utotoni, ile iliyolitia doa jicho lake la kushoto, ndiyo ilihamia la kulia. Si kweli. Jicho la kulia nililiharibu mimi.

Ulikuwa darasa la pili. Chumba hiki cha studio, upande wa mbele ulikuwa wa mama yako na cherehani yake, wa nyuma ulikuwa wangu na lile pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti. Tulikuwa tunaishi vizuri, nakwambia kweli. Watu walitoka Itigi kumletea vitambaa. Jicho la kushoto lilikuwa linaona mwanga na kivuli tu, lakini la kulia lilikuwa kali ajabu. Aliweza kukaa hapa ndani akamwita mwanamke anayepita barabarani, "Dada, pindo la nyuma limeachia!" Yule akigeuka kujitazama, kweli, nyuzi mbili zinaning'inia.

Mimi nilikuwa nimechoka na nyuso. Inua kidevu, usicheke, haya, mwingine. Nikapata lenzi ndefu kuukuu kwa jamaa aliyekuwa anapiga picha za wanyama kule Rungwa. Siku moja, kwa mchezo tu, nikaazima kioo cha kuchomelea kwa fundi wa mageti, nikakifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikalielekezea jua. Lilitoka la kijani, kama limau bichi, na juu yake vitone viwili vyeusi. Nilifikiri ni uchafu. Nikafuta kioo, nikapiga tena, vitone viko palepale. Nilimwita mama yako kwa sauti mpaka akaja mbio akidhani nimenaswa na umeme. Akaiangalia picha kwenye kamera, akasema, "Kumbe na jua lina madoa!" Tukacheka. Kwa wiki nzima akawa ananitania hivyo kila nilipomkosea kidogo.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa jua. Nikajiunga na kundi la kwenye simu la watu wenye ugonjwa kama wangu, wachache, kila mmoja na mji wake. Mkubwa wetu alikuwa mzee mmoja wa Arusha tuliyekuwa tunamwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya rangi. Kwamba kwanza unafunika lenzi kwa karatasi maalumu ya jua, ile inayong'aa kama fedha, inayokata karibu mwanga wote. Baada ya hapo ndipo unaongeza kichujio cha rangi, na kila rangi ina kazi yake. Nyekundu hutuliza picha pale hewa inapotetemeka kwa joto, na hapa Manyoni hewa hutetemeka kuanzia saa tatu asubuhi. Kijani huonyesha uso wa jua ulivyo na chembechembe, kama unga wa mtama uliosagwa vibaya. Bluu huibua mabaka meupe pembeni. Alinitumia kipande cha ile karatasi kwa basi. Nilikitunza kama yai. Halafu siku moja upepo ukaangusha stendi ya kamera, kikachanika katikati. Akaniahidi kingine.

Sikusubiri. Hapo ndipo kosa langu linapoanzia.

Wiki ile kulitokea doa kubwa kwenye jua. Wenzangu wote walikuwa wanalirusha kwenye kundi, mmoja amelitoa la rangi ya machungwa, mwingine jekundu, kingo zake zinaonekana kama nyusi. Mimi nilikuwa na kijani tu cha kioo cha fundi, na ukiweka nyekundu nyuma ya kioo kile hupati kitu, giza tupu. Nikakumbuka zile karatasi za plastiki za rangi tulizokuwa tunafunga mbele ya taa kwenye harusi. Nikakiondoa kioo. Nikapanga nyekundu mbili na bluu moja, nikazifunga mbele ya lenzi. Jua likatulia, likawa jekundu la kufifia, kama kaa lililofunikwa majivu. Nikapiga picha ya jinsi nilivyofunga, nikamtumia Mwalimu, nikamuuliza anaonaje.

Alijibu jioni hiyo hiyo. Ujumbe wake naujua kwa moyo, Eliwaza, ingawa simu yenyewe ilishakufa. Aliandika: "Ndugu yangu, kwa kamera sawa, ukitaka kuiua ni yako. Lakini usitie jicho hapo. Rangi inapunguza mwanga unaouona, haizuii joto usiloliona. Jicho halitauma na litaungua." Niliusoma wote. Nikamjibu, "Nimekuelewa Mwalimu, shikamoo."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Saa nne hivi nikaweka stendi pale uani. Kile kioo cha nyuma cha kamera kilikuwa kimemezwa na mwanga, sioni kitu, na bila kuona siwezi kuiweka picha sawa. Njia ilikuwa moja, kutazama kwa jicho kwenye kile kitundu cha kamera cha kuchungulia. Upepo ulikuwa unazipeperusha zile plastiki, mkono mmoja umezishika, mwingine unazungusha lenzi. Na jicho langu halijawahi kuwa kali. Mama yako alikuwa anaanua nguo.

Nikamwita. "Mama Eliwaza, hebu njoo unisaidie jicho."

Akaja, ameshika shati lako la shule. "Nifanye nini?"

"Tazama hapo. Utaona duara jekundu. Niambie ukingo ukikaa sawa, usiwe na ukungu."

Akainama. "Bado. Bado. Rudisha kidogo. Hapo, hapo, usiguse!" Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Aisee, Baba Eliwaza, doa lenyewe lina kivuli pembeni. Kama tobo la kifungo."

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Linahamahama, niambie likitoka."

Nikapiga. Nikabadilisha mpangilio, nikapiga tena. Kati ya picha na picha alikuwa bado ameinama, ananiongoza. Mara moja nikamuuliza, "Linaumiza?"

"Hata kidogo. Ni kama kutazama kaa tu."

Nilimuuliza kwa sababu nilijua. Asiyejua haulizi swali lile. Nimelifikiria neno hilo moja miaka yote hii, na kila nikijaribu kujitetea kwamba nilisahau ujumbe wa Mwalimu, swali lile linanirudisha. Nilijua, na nilitaka picha.

Jioni picha zilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilituma moja kwenye kundi. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni nasoma pongezi wakati mama yako, aliyekuwa kwenye cherehani, aliposema, "Mbona uzi unapotea?" Nikadhani umekatika. Akasema, "Haujakatika. Nikiutazama haupo. Nikitazama kando, upo."

Nikamwambia ni uchovu, alale.

Tulikaa siku tisa tukingoja uchovu uishe. Halafu nikampeleka hospitali, sitaitaja ni ipi kwa sababu wao hawana kosa. Daktari alikuwa kijana, mpole, akamtia dawa ya kutanua mboni, akamulika muda mrefu. Akauliza, "Mama, ulitazama jua siku za karibuni? Hata kwa kioo, hata kwa kitu chochote?"

 Mama yako aligeuza uso upande wangu, ule mgeuzo ambao baadaye ulikuja kuuzoea, akangoja. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Daktari naye akanitazama. Nasikia mpaka leo feni ilivyokuwa inagonga juu.  Kisha mama yako akasema, "Hapana, daktari. Ni surua ya zamani."

Daktari hakuamini, lakini aliandika. Alitwambia kovu la namna ile huwa halina dawa, linaweza kupungua lenyewe au lisipungue. Kwake halikupungua.

Njiani kurudi hakunilaumu. Alizungumza habari za sare za shule alizokuwa hajazimaliza. Mtu wa kwanza aliyemuuliza ni bibi yako, akamjibu surua. Wa pili alikuwa mchungaji. Wa tatu ulikuwa wewe, ukiwa umeng'oka meno mawili ya mbele, nami nilikuwepo pale nikatikisa kichwa kukubali.

Mengine uliyaona mwenyewe. Uliona alivyoacha vifungo na shingo za mashati, akabaki kushona mapazia na mifuko, mishono mirefu anayoifuata kwa vidole. Kila asubuhi kabla ya shule ulimtungia uzi kwenye sindano sita, ukazichomeka kwenye kitambaa kwa mpangilio wa rangi ili ajue ipi ni ipi. Watu waliacha kutoka Itigi. Wapo waliosema amekuwa na dharau, hamtazami mtu usoni. Aliposikia hivyo alicheka, lakini usiku ule hakula.

Na ile picha ya jua niliitundika ukutani, Eliwaza. Hapa studio, juu ya cherehani. Hili ndilo linaloniaibisha kupita yote. Nilijiambia nikiitoa watu watauliza kwa nini. Ulikuwa unawaleta wenzako waione, "Baba yangu kapiga picha jua!" Mama yako akishona chini yake. Siku moja ulimuuliza kwa nini yeye haitazami, akasema, "Mimi nililiona lenyewe." Ulidhani anatania.

Ilikaa pale miaka sita.

Unakumbuka ule mwaka tulipokwenda wote Kinampanda kuvuna alizeti za babu yako? Ulikuwa kidato cha kwanza. Wewe na binamu zako mlikuwa mbele mnapiga kelele, mimi na mama yako tumebaki nyuma, yeye anakata vichwa kwa kupapasa shina, mimi nabeba. Alikuwa anaimba kidogo. Sijui nini kilinishika. Labda ni kule kuimba. Nikamwambia, "Mama Eliwaza, siku ile nilijua."

Akasema, "Ulijua nini?"

"Mwalimu alikuwa ameniandikia. Usitie jicho, litaungua. Niliusoma jana yake."

Aliacha kukata. Alisimama na kisu mkononi, uso ameugeuzia shambani ili anione mimi. Akasema, "Hilo sikulijua." Kisha, "Nilifikiri tulikosea wote wawili."

Miaka yote ile, mwanangu, alikuwa amebeba nusu ya kosa. Alikuwa anaona aibu kwamba na yeye alikuwa mjinga kama mimi, ndiyo maana ilikuwa rahisi kwake kusema surua. Alinifichia kosa la bahati mbaya. Siku ile ndipo alipojua amenifichia kitu kingine.

Tuliporudi Manyoni alihamia chumbani kwako. Ulifurahi sana. Ulinambia, "Mama anataka tupige stori kama madada." Alilala kwako mwezi mzima, na mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana asubuhi kama wapangaji. Picha nilikuwa nimeitoa ukutani siku ile ile tuliyorudi, nikaichana, na kwenye kundi nikajitoa.  

Alirudi chumbani siku moja ya mvua, akakaa kitandani upande wake. Akasema, "Nimekusamehe lile la jicho. Nimejaribu, na limewezekana. La hospitali linanishinda. Nilikungoja pale. Ungesema tu, mimi ndiye niliyemwambia atazame. Ningekushika mkono tukatoka."



Akasema tena, "Eliwaza utamwambia wewe mwenyewe. Mimi nimemdanganya mtoto kwa ajili yako, sitaendelea. Akiniuliza nitamwambia nenda kwa baba yako."

Hukuuliza, kwa nini ungeuliza? Mimi nikasema nitakwambia ukimaliza kidato cha nne. Ulipomaliza, nikasema usije ukavurugwa na masomo ya kidato cha tano. Halafu presha ikamwangusha mama yako pale jikoni, na kwa siku nne alizolala hospitali hakuzungumza tena. Nilikuwa namshika mkono, nasema, nitamwambia, nitamwambia. Sijui kama alisikia.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Ukikasirika, kasirika, na usiharakishe kumaliza eti kwa sababu baba amebaki peke yake. Ninaweza kupika, ninaweza kufua, na shangazi yako yupo.

Ila kuna jambo moja ninalolijua ambalo walimu wako pengine hawatakufundisha, kwa sababu hawakuwepo mle ndani siku ile. Siku moja utakuwa wewe umeshika kile kitaa cha kumulikia macho. Atakuja mwanamke, na mumewe atasimama karibu na mlango. Utamuuliza swali, naye kabla ya kujibu atageuka kumtafuta yule mwanamume. Usiandike jibu lake. Mwambie baba atoke nje kidogo, kwa heshima, umwambie ni utaratibu. Halafu muulize tena yule mama, taratibu, mkiwa wawili. Daktari yule kijana alituonea haya. Sijui kama jicho lingepona, yeye alisema lisingepona. Lakini mama yako asingeishi miaka ile yote na neno ambalo halikuwa lake.

Na kuhusu mimi, nilichojifunza ni kidogo na nimekipata kwa bei ya mtu mwingine. Kulitazama jua kulikuwa kwa asubuhi moja, dakika chache. Kunyamaza nilikufanya kila siku, naamka nakufanya upya, napiga mswaki, nakunywa chai, nanyamaza. Kila siku ilikuwa inawezekana kuacha. Nilifikiri siku zikiwa nyingi neno litakuwa jepesi. Limekuwa zito mpaka leo nimeshindwa kulitamka, nimeliandika.

Nikwambie ukweli wa mwisho. Nilipoanza barua hii nilikusudia kuitia kwenye begi lako, chini kabisa, uikute ukiwa umeshafika. Hata bahasha nilishaitafuta. Nilijiambia hivyo ndivyo vizuri, utasoma kwa utulivu. Sasa nimefika hapa na ninajijua. Nilitaka uwe mbali ukiisoma, nisiuone uso wako. Ni mlango ule ule wa hospitali, na mimi nimesimama pembeni yake.

Kwa hiyo siitii kwenye begi. Ukiingia nitakupa mkononi, na nitakaa hapa mbele yako mpaka umalize kurasa zote. Ukitaka kuniuliza, uliza, nitajibu kwa mdomo wangu. Ukitaka kurudi kwa shangazi yako ulale huko, nitakubebea begi mpaka kwake, na alfajiri nitakuwepo stendi, hata kama nitasimama upande wa pili wa barabara.

Nasikia sauti yako huko nje, unamwamkia mtu shikamoo. Umerudi mapema kuliko nilivyodhani.

Nasimama.

Baba yako